IMAM GHAZALI: MWANACHUONI ALIYEZISOMA HOJA ZA WAPINZANI WAKE

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, katika toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam, yaani Hoja ya Uislamu. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya kitabu chake Ihya Ulumid-Din, ambacho husomeshwa katika darsa za misikiti ya pwani yetu. Hata katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi tunayoisoma, mkono wake upo. Kitabu chake Al-Wajiz kilisherehewa na Imam Rafi'i, na sherehe hiyo ikafupishwa na Imam Nawawi, huyo huyo aliyetukusanyia Hadithi Arubaini.

Lakini leo tunataka kulizungumzia jambo moja katika maisha yake ambalo wanafunzi wetu wanalihitaji sana. Nalo ni hili: Imam Ghazali alizisoma hoja alizoamini kuwa ni batili kwa bidii ile ile aliyosomea hoja za kweli. Vijana wetu wanapotoka madrasa na kwenda sekondari na vyuo vikuu wanakutana na maneno mengi yanayopinga dini yao. Wengine hujibu kwa hasira, wengine hunyamaza, na wengine, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, hutetereka. Basi na tumtazame mwenzetu huyu alifanya nini.

Kuzaliwa na kulelewa kwake

Imam Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058 Miladia) katika mji wa Tus, jimbo la Khurasan, ambalo sehemu yake hiyo leo iko kaskazini mashariki mwa Iran. Inapokewa kuwa baba yake alikuwa mtu masikini aliyekuwa akisokota sufi na kuiuza dukani, na alikuwa akipenda mno kukaa na wanavyuoni. Alipohisi mauti yamekaribia, alimkabidhi rafiki yake mwema watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, akamuusia awasomeshe.

Akiba ile ilipokwisha, mlezi yule hakuwa na cha kuwalisha. Akawashauri wajiunge na madrasa ambako wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Kwa njia hiyo yatima wawili wakaingia katika elimu, na wote wawili wakawa wanavyuoni.

Safari za kutafuta elimu

Baada ya kusoma kwao Tus, kijana Ghazali alisafiri kwenda Jurjan, akasoma huko na kuandika mafunzo ya mwalimu wake katika daftari zake. Wanahistoria wanasimulia kuwa alipokuwa njiani kurudi, msafara wao ulivamiwa na majambazi, wakachukua kila kitu. Ghazali akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie zile daftari tu, kwani hazina faida kwao na ndani yake imo elimu yake. Jambazi akacheka. Akamuuliza vipi anadai kuwa ni mwenye elimu, ilhali wao wamemnyang'anya karatasi na yeye amebaki bila ya elimu yoyote? Kisha akaamuru arudishiwe.

Mtu mwingine angelishukuru kupata daftari zake na kumlaani mwizi. Ghazali aliona kuwa maneno yale ni ya kweli japokuwa yametoka kinywani mwa mtu muovu. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata lau angeibiwa tena asingepoteza kitu. Hapa tunaona tabia aliyokuwa nayo tangu ujana wake, ya kulipima neno lenyewe kabla ya kumtazama msemaji.

Kisha akaenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramain Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa zama zake. Huko alisoma fiqhi, usuli, elimu ya kalam na mantiki, akabobea katika munadhara, yaani mijadala ya kielimu. Al-Juwayni alifariki mwaka 478 Hijria (1085), na Ghazali akaelekea kwa Nidhamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, ambaye baraza lake lilikuwa likikusanya wanavyuoni. Alijadiliana nao na kuwashinda wengi, mpaka waziri yule akamteua kuwa mwalimu katika Madrasa Nidhamiya ya Baghdad, mwaka 484 Hijria (1091). Wakati huo umri wake ulikuwa miaka 34 tu kwa hesabu ya Hijria, na darsa yake ilihudhuriwa na wanafunzi wapatao 300.

Alivyowasoma wanafalsafa

Katika zama zile, vitabu vya wanafalsafa kama Farabi na Ibn Sina vilikuwa vimeenea. Baadhi ya vijana waliovisoma walianza kuidharau sala na sharia, wakidhani kuwa watu wenye akili kubwa hawayahitaji hayo. Wanavyuoni wa kalam waliwajibu, lakini Imam Ghazali aliona kuwa majibu yao hayafui dafu. Walinukuu maneno machache yaliyokatikakatika, wakayajibu bila kuelewa yamejengwa juu ya nini. Aliyevisoma vitabu vile hakushawishika hata kidogo, bali alizidi kuamini kuwa watu wa dini hawajui kitu.

Imam Ghazali akaweka sharti gumu. Aliona kuwa mtu hawezi kuujua ubovu wa elimu fulani mpaka aisome hata alingane na mjuzi wao mkubwa, kisha amzidi. Kuijibu rai kabla ya kuifahamu ni sawa na kurusha mshale gizani.

Basi akaanza kuvisoma vitabu vya falsafa peke yake, bila mwalimu, katika nafasi alizozipata baada ya kusomesha na kuandika. Ilimchukua muda usiofika miaka miwili kuyafahamu yote waliyoyasema. Kisha akakaa karibu mwaka mzima akiyarudia na kuyachunguza. Tuzingatie: alikuwa mwalimu mkubwa kabisa wa Baghdad, mwenye mamia ya wanafunzi mbele yake, naye akawa mwanafunzi wa vitabu vya watu asiokubaliana nao.

Matunda yake yalikuwa vitabu viwili. Cha kwanza ni Maqasidul Falasifa, ambamo ameeleza makusudio ya wanafalsafa. Hakujibu kitu humo, ameyapanga maneno yao kwa ufasaha kama wangeyapanga wao wenyewe. Cha pili ni Tahafutul Falasifa, alichokimaliza mwaka 488 Hijria (1095), ambamo amejibu masuala yao 20, moja baada ya jingine.

Kuhusu kitabu kile cha kwanza kuna kisa cha ajabu. Katika karne iliyofuata kilifasiriwa kwa Kilatini katika mji wa Toledo, huko Andalusia ya zamani. Nakala nyingi zilizoenea Ulaya hazikuwa na ule utangulizi ambamo Imam anaeleza nia yake ya kuja kuyajibu maneno hayo. Kwa hiyo wanachuoni wa Kikristo wakamhesabu kuwa ni mwanafalsafa, mfuasi wa Ibn Sina! Uadilifu wake katika kueleza hoja ya mpinzani ulifikia daraja hiyo. Je, sisi tukieleza maneno ya mtu tusiyekubaliana naye, atayatambua kuwa ni yake?

Madhara ya jibu dhaifu

Imam Ghazali alitahadharisha sana juu ya rafiki mjinga wa dini. Alitoa mfano wa kupatwa kwa mwezi. Wataalamu wa nyota wanasema mwezi hupatwa pale ardhi inapokaa baina yake na jua, na wana dalili za hesabu zisizo na shaka. Akija mtu akakanusha hayo kwa jina la dini, aliyeziona dalili zile hatazitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Aliona kuwa madhara ya mtu anayeinusuru dini kwa njia isiyo yake ni makubwa kuliko ya yule anayeishambulia waziwazi.

Pia alionesha kosa la upande wa pili. Mtu huona jinsi wanafalsafa walivyo hodari katika hesabu, akadhani kuwa na maneno yao kuhusu Mwenyezi Mungu ni madhubuti kama hesabu zao. Hilo ni kosa, kwani fundi wa jambo moja si lazima awe fundi wa jambo jingine. Bingwa wa fiqhi anaweza asijue lolote katika utabibu. Kwa hiyo alizigawa elimu zao: ya hesabu ni ya kweli na haihusiani na dini kwa kukanusha wala kuthibitisha, ya mantiki ni chombo cha kupimia, na ile ya mambo ya Uungu ndiyo iliyojaa makosa yao mengi. Hakuitupa elimu yote kwa sababu ya kosa lililomo ndani ya sehemu yake.

Mfano mwingine ni mjadala wake na kundi la Batiniya la zama zile. Wao walidai kuwa akili za watu zinakhitilafiana, kwa hiyo watu wanahitaji mwalimu asiyekosea. Waliowajibu walikimbilia kukanusha kila kitu, hata wakakanusha kuwa watu wanahitaji mwalimu. Msikilizaji akaona jambo lililo wazi likipingwa, akahisi Batiniya ndio wenye haki. Imam Ghazali alikuja na njia nyingine. Alikubali kuwa mwalimu anahitajika, na kuwa awe amehifadhiwa na makosa. Kisha akasema mwalimu wetu huyo ni Mtume Muhammad (S.A.W.), naye ameshafundisha na dini imekamilika. Ile sehemu ya kweli aliikubali, akaikata hoja pale pale ilipokosea.

Mmoja wa watu wa haki alimlaumu kwa kuzieleza hoja zao vizuri mno, akisema anawafanyia kazi yao. Imam alikiri kuwa lawama ile ina msingi, na kwamba Imam Ahmad bin Hanbal aliwahi kumlaumu Harith Al-Muhasibi kwa jambo kama hilo. Lakini akafafanua kuwa hilo ni kwa shubha ambayo haijaenea. Ikishaenea, kuijibu ni wajibu, na haiwezekani kuijibu kabla ya kuieleza. Pia hakutaka watu wamdhanie kuwa amewajibu bila kuwaelewa.

Mizani ya hoja

Katika kitabu chake Al-Qistasul Mustaqim, Imam Ghazali alieleza mizani tano za kupimia hoja, akazitoa ndani ya Qur'ani Tukufu. Hakuishia hapo. Alieleza pia mizani ya Shetani, yaani namna hoja inavyoweza kufanana na hoja sahihi nayo imeoza ndani.

Moja katika makosa hayo ni kudhani kuwa vitu viwili vikishirikiana sifa moja basi ni kitu kimoja. Tuupigie mfano wetu wenyewe. Mtu akisema: kila samaki anaishi majini, na mamba anaishi majini, basi mamba ni samaki. Mukadima zote mbili ni za kweli, lakini natija ni ya uongo, kwa sababu kuishi majini si kwa samaki peke yake. Mwanafunzi akishalielewa kosa hili kwa mamba, atalitambua hata likija limevaa kanzu na kilemba.

Tuitazame na hoja ya Iblis alipoamrishwa kumsujudia Nabii Adam (A.S.). Alidai kuwa yeye ni bora kwa sababu ameumbwa kwa moto na Adam kwa udongo. Hoja hii imesimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kuwa moto ni bora kuliko udongo. Nani amethibitisha? Udongo unaotesha chakula chetu, na moto unateketeza. Ya pili ni kuwa kinachotokana na kilicho bora lazima kiwe bora. Hilo nalo si kweli, kwani tunaona mtu mwema anazaa mtoto muovu. Mwenyezi Mungu ametusimulia hoja hiyo katika Kitabu chake, na ndani yake mna mafunzo kwa mwenye kutafakari.

Imam pia alifundisha kuwa ajabu si dalili. Akitokea mtu akadai kuwa 3 ni nyingi kuliko 10, kisha kuthibitisha neno lake akaigeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yetu, tutashangaa amefanyaje, lakini 10 zitabaki kuwa nyingi kuliko 3. Ni mara ngapi watu wetu wamebebwa na sauti nzuri, mavazi au umaarufu wa msemaji, bila ya kuuliza hoja yake iko wapi?

Si kila mtu, wala si kila wakati

Hapa wazazi wetu watauliza: je, tuwaachie watoto wasome kila kitu? Imam Ghazali alikuwa mkali katika jambo hili. Alisema kuwa asiyejua kuogelea azuiliwe kukaribia ufuoni penye utelezi, na mshika nyoka mwenye ujuzi asimshike nyoka mbele ya mtoto wake mdogo, kwani mtoto ataiga. Lakini mbadilishaji fedha aliye hodari hana neno akitia mkono ndani ya mfuko wa mghushi na kuzitoa sarafu za kweli, maana anazijua.

Kwa hiyo kuna utaratibu. Kwanza mwanafunzi aijue sarafu ya kweli: Qur'ani yake, itikadi yake, fiqhi yake. Kisha aoneshwe ya bandia mikononi mwa mwalimu, amuulize, aigeuze, aigonge asikie mlio wake. Anayemnyima mwanafunzi mkubwa hatua hii ya pili anamtuma sokoni bila kumfundisha kutofautisha fedha.

Alipoipima nia yake

Baada ya ushindi wote huo, Imam Ghazali aliigeuza mizani ile juu ya nafsi yake. Aliitazama darsa yake, akaona kuwa nia yake haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ilichanganyika na kutaka cheo na sifa. Kuanzia Rajab 488 Hijria (1095) alitaabika karibu miezi sita. Ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, akashindwa hata kula, na matabibu wakakata tamaa. Mwisho akaigawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akaondoka Baghdad katika mwezi wa Dhulqaada mwaka huo huo.

Alikwenda Damascus, Baytul Maqdis, na Al-Khalil, ambako mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) aliweka ahadi tatu: asichukue mali ya sultani, asiende kwa sultani, na asiingie tena katika munadhara. Kisha akahiji. Katika miaka hiyo aliandika Ihya, na ndani ya Kitabu cha Elimu alieleza masharti manane ya mjadala wa halali na maradhi yanayotokana na mjadala wa kutafuta ushindi, kama husuda, kiburi, na kufurahia kuaibika kwa mwenzio. Mtafuta haki, kwa maoni yake, ni kama mtu aliyepotelewa na kitu: hajali kimeonwa na yeye au na mwenziwe, bali humshukuru aliyekiona.

Kurejea na kufariki kwake

Mwaka 499 Hijria (1106) aliombwa arudi kusomesha, akarejea Nishapur kwa nia mpya. Baadaye alirudi kwao Tus, akajenga madrasa na sehemu ya wacha Mungu karibu na nyumba yake. Alifariki tarehe 14 Jumadal Akhira 505 Hijria (18 Disemba 1111), akiwa na miaka 55 ya Hijria.

Naye hakuwa maasumu. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 595 Hijria (1198), aliijibu Tahafut kwa kitabu alichokiita Tahafutut Tahafut, akiyanukuu maneno ya Imam sehemu kwa sehemu kabla ya kuyajibu. Wanavyuoni wa Hadithi nao waliona kuwa ndani ya Ihya mna hadithi dhaifu. Hawakukitupa kitabu. Al-Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 Hijria (1404), alizichambua hadithi zake, na kazi yake ikawa inachapishwa pamoja na Ihya yenyewe. Hivyo kosa lililochunguzwa kwa adabu likazidisha faida ya kitabu.

Mazingatio

Wanafunzi wetu, mkisikia hoja msiyokubaliana nayo, jizoezeni haya. Kwanza, ielezeni mpaka mwenyewe akiri kuwa ndivyo alivyokusudia. Pili, itoeni sehemu ya kweli iliyomo na muikubali. Tatu, tafuteni palipovunjika: ni katika mukadima au katika natija? Nne, msiitetee haki kwa hoja dhaifu, kwani ikianguka hoja watu watadhani imeanguka haki. Tano, mkishindwa kujibu, nyamazeni na muende kwa mwalimu, hakuna aibu katika hilo. Na mkishinda, zitazameni nyoyo zenu.

Nanyi wazee na walimu, mtoto akirudi nyumbani na swali zito, msimkemee. Kaeni naye mlipime pamoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Ghazali na wanavyuoni wetu wote, atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Amin.

Wabillahi Tawfiq.